Jinsi ya kuandika shajara ya maumbile kwa njia ya watu wa Concord

Tarehe 22 Oktoba 1837 Henry David Thoreau, kijana Mmarekani wa miaka 20 aliyekuwa ametoka Harvard wiki chache tu nyuma, aliandika katika daftari jipya kwamba ameulizwa kama ana shajara, kwa hiyo anaianza siku hiyohiyo. Aliendelea nayo hadi Novemba 1861, miezi sita kabla ya kifua kikuu kumuua akiwa na miaka 44. Yalibaki madaftari 47 yenye maneno takriban milioni mbili. Humo ndimo kilimotoka kitabu chake Walden cha mwaka 1854, na humo ndimo wanasayansi wa leo wanamotafuta tarehe ambazo maua ya Massachusetts yalifunguka miaka ya 1850.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuanzisha shajara ya aina hiyo na kuidumisha mwaka mzima. Kwanza, maneno machache juu ya wazo lenyewe, maana bila hilo utabaki na orodha ya miti.

Concord, mji wa Thoreau, ni mji mdogo wa Massachusetts ulio kilomita 30 hivi kutoka Boston. Mwandishi na mwanafalsafa Ralph Waldo Emerson alihamia huko baada ya kujiuzulu uchungaji mwaka 1832, alipoona hawezi tena kuongoza ibada ya Meza ya Bwana bila dhamiri kumsuta. Mwaka 1836 alitoa kijitabu juu ya maumbile, bila jina lake, na mwaka 1841 insha juu ya kujitegemea. Waliomzunguka, wakiwemo Margaret Fuller, Bronson Alcott, George Ripley na Thoreau, waliitwa Watransendentali, jina lililotokana na istilahi za mwanafalsafa Mjerumani Kant. Walichoamini ni kwamba upo ukweli ambao mtu anaufikia mwenyewe, bila kungoja muhuri wa kanisa, chuo au mazoea ya wakubwa, na kwamba maumbile humfunulia ukweli huo yule anayeyatazama kwa makini.

Msomaji wa Kiswahili akikutana na neno kujitegemea atakumbuka Azimio la Arusha la 1967. Hapo kujitegemea ni kwa taifa na kijiji: kulima, kujenga, kutoishi kwa fedha za mgeni. Kujitegemea kwa Emerson kuko mahali pengine, ndani ya kichwa. Mtu anaweza kulima chakula chake chote na bado asiwe na hata wazo moja lisilo la kuazima. Lakini fundisho hili lina hatari yake, nayo ni kubwa: anayeamini kila kinachompitia akilini atajidanganya, tena kwa kujiamini. Watu wa Concord walijikinga kwa kalamu. Wazo likiandikwa na tarehe yake, likawekwa kando ya kitu kilichoonekana kwa macho, kisha likasomwa tena baada ya miezi sita, litaonekana kama lina mizizi au ni povu.

Vifaa

Emerson, alipomsomea Thoreau wasifu baada ya kifo chake, alitaja alivyobeba porini: kitabu kikuukuu cha nota za muziki cha kubania mimea, shajara na penseli, darubini ya ndege, hadubini ndogo, kisu cha kukunja na uzi. Fimbo yake ya kutembelea ilikuwa na alama za inchi, na ndani ya kofia aliweka kijirafu cha kubebea mimea isinyauke. Vyote vilikuwa vitu vya kawaida. Vyako vinaweza kuwa hivi:

– Kijidaftari cha mfukoni chenye jalada gumu, na penseli mbili. Usitumie kalamu ya wino nje. Karatasi ikipata jasho au manyunyu, wino huvujia upande wa pili na kurasa mbili zinaharibika kwa pamoja.
– Kaunta buku ya kwaya 3 kwa ajili ya nyumbani. Hii ndiyo shajara yenyewe. Andika namba za kurasa zote kabla ya kuandika neno la kwanza, na uache kurasa 20 za mwisho wazi.
– Fimbo iliyochorwa sentimita kwa kisu, na mita 10 za uzi wa nailoni uliofungwa fundo kila nusu mita.
– Magazeti ya zamani na matofali mawili ya kukandamiza majani. Badilisha magazeti kila siku kwa siku nne za kwanza, la sivyo ukungu utakula sampuli, hasa pwani.
– Kopo la maziwa ya unga, lenye ubavu ulionyooka, na rula. Hiki ni kipima mvua.

Kipima mvua kinahitaji uangalifu kuliko vyote. Ubavu wa kopo ukiwa umenyooka kutoka mdomoni hadi chini, kina cha maji kwa milimita ndicho kiasi cha mvua, bila kujali upana wa kopo. Chupa ya plastiki iliyokatwa hudanganya kwa sababu kitako chake kina mabonde. Ukilazimika kuitumia, jaza mabonde kwa saruji hadi juu ya sehemu iliyonyooka, ndipo uanze kuhesabu sifuri hapo. Lifunge kopo kwenye nguzo fupi, nusu mita hadi mita moja kutoka ardhini, juu ya majani na si juu ya sakafu ya saruji, maana matone yanayoruka kutoka sakafuni huingia ndani na kuongeza hesabu. Liwe mbali na nyumba au mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo chake. Soma saa 3 kila asubuhi, andika, kisha mwaga maji yote. Ukiyaacha hadi jioni jua litakunywa sehemu yake, na ukiyaacha siku tatu utafuga mbu.

Njia na miti

Thoreau alitembea walau saa nne kwa siku na aliamini kwamba eneo lenye nusu kipenyo cha maili 10 haliwezi kumwishia mtu hata akiishi miaka 70. Hakuwa na mke wala watoto, na kazi yake ya kupima mashamba ilimtembeza huko huko. Ukijaribu saa nne utaacha kabla ya wiki ya tatu. Chukua dakika 45, siku tatu kwa wiki, siku zilezile na saa ileile, kwenye njia moja isiyozidi kilomita 2. Njia ipite angalau penye maji mahali pamoja, hata kama ni mtaro, na penye ardhi isiyolimwa.

Kwenye njia hiyo chagua miti na vichaka 10. Vipe namba kwenye kijidaftari na uchore ramani ndogo. Chukua aina tano, kila aina miti miwili: tuseme miembe miwili, mibuyu miwili, mikorosho miwili, kulingana na mahali unapoishi. Ukiwa na mmoja tu kwa kila aina hutajua kama tabia uliyoiona ni ya aina hiyo au ni ya mti huo peke yake. Usichague mti ulio ndani ya ua wa mtu bila kumwomba mwenyewe. Utaonekana hapo zaidi ya mara 150 kwa mwaka.

Uthabiti huu wa siku, saa na miti una sababu. Tarehe ya ua la kwanza hutegemea sana mara ngapi mtazamaji amepita na miti mingapi ameitazama. Anayepita kila siku ataliona Jumatatu. Anayepita Jumamosi kwa Jumamosi ataandika tarehe iliyochelewa siku tano, na mwakani akizidisha bidii atadhani mti umewahi. Kwa hiyo shika mwendo mmoja, na kila unapopita andika hata usipoona kitu: “Na. 4, bado.” Neno hilo fupi ndilo linaloipa thamani tarehe itakayofuata, kwa kuwa linathibitisha kwamba ulitazama na hakikuwepo. Wanaoanza hulidharau kuliko jambo lolote jingine, na wakifika Desemba ndilo wanalolitafuta kwenye daftari.

Amua mapema pia maana ya kila tukio. “Mti umechanua” ni lini? Tunashauri hivi: siku unapoona ua moja lililofunguka kabisa, petali zikiwa zimeachana, kwenye mti wenye namba. Matumba hayahesabiwi. “Matunda” ni pale tunda la kwanza linapofikia ukubwa wa kidole gumba. Andika maana hizi kwenye ukurasa wa kwanza wa kaunta buku, na usizibadilishe katikati ya mwaka hata ukigundua nzuri zaidi.

Kuandika

Thoreau aliandika vidokezo kwa penseli akiwa njiani, kisha akavikuza kwa wino nyumbani, mara nyingi asubuhi iliyofuata. Fuata utaratibu huo, kwa sababu kila hatua ina kazi yake. Kidokezo cha njiani hulinda ukweli wa jambo, na maandishi ya asubuhi huleta fikra, usingizi ukiwa umeshachuja. Usipitishe saa 24. Baada ya siku mbili utaanza kujaza mapengo kwa yale unayoyajua kuhusu miembe kwa ujumla, ukiamini kwamba uliyaona.

Kidokezo kibovu huwa hivi:

“Jumanne. Hali ya hewa nzuri. Miembe inachanua, inapendeza sana.”

Kizuri huwa hivi:

“Jumanne 8 Julai, saa 12:40 asubuhi. Mvua 0 mm. Mwembe na. 3: mashada 4 ya maua, yote upande wa mashariki. Maua yaliyofunguka yako kwenye shada moja tu, la chini. Nyuki 2 kwa dakika 5. / Nadhani ni jua la asubuhi. Angalia na. 7, uliozibwa na nyumba.”

Tazama mkwaju, yaani ule mstari wa mshazari ( / ), si mti. Kabla yake ni kilichoonekana. Baada yake ni ulichofikiri, na kinafuatwa na namna ya kukihakiki. Mkwaju huo ni shule nzima. Emerson alitaka mtu auheshimu mwanga unaopita akilini mwake, asiutupe kwa sababu ni wake, na hapo ndipo mahali pa kuuandika. Lakini ukichanganya pande mbili, baada ya mwaka hutaweza kutofautisha mwembe na maoni yako juu ya mwembe.

Kanuni ya pili: andika kabla ya kuuliza. Ukiona ndege usiyemjua, andika kimo chake dhidi ya fimbo, rangi ya mdomo, miguu, anavyotembea, anarukaruka au anapiga hatua. Ndipo ufungue simu au umuulize mzee anayejua. Ukianza na simu utaona picha ya simu juu ya ndege aliye mbele yako. Jina la wenyeji, la Kiswahili au la lugha ya mahali, likiandikwa pamoja na lile la kisayansi litakuokoa, kwa sababu jina moja la mahali mara nyingine hubeba aina tatu.

Kanuni ya tatu inahusu kujipinga. Emerson aliandika kwa ukali dhidi ya watu wanaoshikilia neno la jana kwa kuogopa kuonekana vigeugeu. Katika shajara hii ina maana moja ya kiutendaji: hakuna kufuta wala kuchana ukurasa. Ukigundua ulikosea, nenda kwenye ukurasa wa zamani, andika pembeni “tazama uk. 88”, na kwenye ukurasa wa 88 eleza kilichokufanya ubadilike. Kosa lililofutwa litarudi likiwa na nguo nyingine.

Faharasa

Emerson aliiona shajara yake kuwa benki ya akiba. Hotuba na insha zake zilijengwa kwa vipande alivyoviweka humo miaka mingi kabla, na aliweza kuvipata kwa sababu alitunga faharasa za madaftari yake, nyingine zikijaza daftari zima. Shajara isiyo na faharasa ni ghala lisilo na mlango.

Kila Jumapili, dakika 15, soma kurasa za wiki na uandike pembeni ya kila aya neno moja au mawili: “mvua”, “nyuki”, “upweke”, “deni”. Kisha peleka maneno hayo kwenye zile kurasa 20 za mwisho pamoja na namba ya ukurasa.

Kiswahili kina tabia zake hapa. Ukigawa kurasa sawa kwa kila herufi, M itajaa kabla ya Aprili huku O ikibaki tupu: mwembe, mbuyu, mvua, mchwa, mwezi, mto, mwewe, mazoea. Ipe M kurasa nne, K kurasa mbili, na nyingine nusu ukurasa. Majina yaingie kwa umoja, yaani mti na si miti. Vitenzi viingie bila ku-: “subiri”, “sikiliza”, ili K isijae vitu ambavyo hutavikumbuka. Na wadudu na ndege, ambao utawaandika zaidi ya unavyodhani, wafungulie ukurasa wao nje ya mpangilio wa herufi.

Kalenda ya miongo

Katika miaka yake ya mwisho Thoreau alianza kuhamisha matukio ya shajara kwenye majedwali makubwa: matukio yakishuka upande mmoja, miaka ikipangwa upande wa pili, ili aone kwa jicho moja Aprili ya kila mwaka. Hakuyamaliza. Lakini tarehe zake zilimfikia Richard Primack wa Chuo Kikuu cha Boston na wenzake, ambao karne moja na nusu baadaye walitembea Concord ileile, wakalinganisha, na kukuta maua mengi ya machipuko yanafunguka mapema kwa wastani wa siku 7 kuliko wakati wake. Kijana aliyekuwa akiandika kwa ajili ya nafsi yake aliacha ushahidi wa kubadilika kwa tabianchi.

Tengeneza jedwali lako kwenye karatasi ya manila. Miezi ni mipana mno kwa kazi hii. Pwani yetu ina kipimo bora: mwaka wa jua wa Waswahili, ambao wakulima na manahodha waliuhesabu kwa makumi ya siku, kila kumi likiitwa mwongo, kuanzia Siku ya Mwaka, ile ambayo Makunduchi bado husherehekewa kama Mwaka Kogwa kila Julai. Miongo 36 na siku 5 hukamilisha siku 365. Hesabu ile haikuwa na siku ya nyongeza, hivyo husogea nyuma siku moja kila baada ya miaka minne. Kwa jedwali lako weka mwongo wa kwanza tarehe 1 Januari na utaondokana na tatizo hilo. Chora safuwima 36. Mistari ni miti yako 10, kila mmoja na majani mapya, maua na matunda, na juu kabisa mstari wa jumla ya mvua ya kila mwongo.

Mstari wa mvua ndio tofauti kubwa kati yako na Concord. Kule baridi kali hushika nchi nzima na joto ndilo hufungua maua, ndiyo maana kipimajoto kingetosha. Karibu na ikweta saa ni nyingine na kila mti una yake. Mkahawa, kwa mfano, hushika matumba wakati wa kiangazi na kuyafungua yote kwa pamoja siku 8 hadi 12 baada ya mvua nzuri ya kwanza. Mwembe kinyume chake husukumwa kuchanua na usiku wa baridi na ukavu. Ukiandika maua peke yake, utaona miti inachanua ovyo. Ukiweka mvua juu yake, na hali ya usiku ukiwa na kipimajoto, utaanza kuona mti unajibu nini.

Hesabu

Sura ya kwanza ya Walden ina hesabu za fedha nyingi kuliko mashairi. Thoreau alihamia kando ya ziwa dogo la Walden tarehe 4 Julai 1845 na kuondoka 6 Septemba 1847. Nyumba yake, futi 10 kwa 15, iligharimu dola 28 na senti 12½. Aliorodhesha kila kitu: mbao 8.03½, nyingi zikitoka kwenye kibanda cha mfanyakazi wa reli alichokinunua na kukibomoa. Matofali 1,000 ya zamani 4.00, madirisha mawili ya mitumba pamoja na vioo 2.43, misumari 3.90, hata chaki senti 1.

Hesabu hizo zilimfundisha kitu. Mwaka wa kwanza alilima ekari 2½, nyingi maharage, akapata 23.44 baada ya kutumia 14.72½. Faida ikawa 8.71½. Katika matumizi, kulimisha kwa kukodi peke yake kulimeza 7.50, na aliandika kando yake kwamba ni ghali mno. Mwaka wa pili akalima theluthi moja ya ekari kwa sepetu, kwa mikono yake, na akasema alifanya vizuri zaidi.

Fanya vivyo hivyo kwa jambo moja la maisha yako, si maisha yote. Chagua usafiri, au chakula, au simu. Kwa miezi mitatu andika kila shilingi, kisha igeuze kuwa saa. Thoreau alishika kwamba bei ya kitu ni kiasi cha uhai unachotoa ili ukipate, na akakokotoa: safari ya maili 30 kwenda Fitchburg kwa treni ni senti 90, karibu ujira wa siku nzima, hivyo anayekwenda kwa miguu anafika kabla ya yule anayefanya kazi kwanza apate nauli. Ukiwa unapata shilingi 10,000 kwa saa 10 za kazi, bodaboda ya 2,000 ni saa 2 zako. Kwa miguu ni dakika 50? Sasa unajua unachonunua. Yapo majibu ambayo yatakuambia upande bodaboda, kwa mfano usiku au ukiwa na mzigo, na hayo nayo yaandike.

Jambo moja tunalisisitiza kwa sababu wengi wanaomwiga Thoreau hulipuuza. Ardhi aliyojenga ilikuwa ya Emerson. Shoka aliazima. Rafiki zake walimsaidia kusimamisha fremu, na njia ya kwenda kwa mama yake mjini ilikuwa fupi, aliipita mara kwa mara. Baadhi ya haya ameyaandika mwenyewe. Kwa hiyo hesabu yako iwe na safu ya tatu: “nilichoazima na nilichopewa”. Chakula ulichokula kwa shangazi kiingie humo. Bila safu hiyo utajiona unajitegemea kumbe unategemezwa na watu ambao hujawahi kuwataja.

Kupima kinachosemwa

Watu wa Concord walisema ziwa la Walden halina chini. Mapema 1846, kabla barafu haijayeyuka, Thoreau alichukua dira, mnyororo wa kupimia na kamba ya kuvulia, akatoboa barafu na kupima kina mahali zaidi ya 100. Kamba ilikuwa na jiwe la ratili moja na nusu. Kina kikubwa kilikuwa futi 102, kama mita 31, na waliopima karne ya 20 walikuta hesabu inayokaribiana nayo sana. Kila mtu angeweza kufanya hivyo miaka yote ile.

Walau mara moja kwa mwaka chukua neno linalosemwa mtaani kwako juu ya maumbile na ulipime: kisima kisicho na mwisho, mti wenye miaka 300, mtaro uliopanuka kuliko zamani. Kwa kina cha maji, funga jiwe la gramu 700 hivi kwenye uzi wenye mafundo. Lowesha uzi kwanza, kwa kuwa nailoni hurefuka kidogo ikilowa. Teremsha hadi ulegee, kisha vuta polepole. Siri aliyoitumia Thoreau ni hii: jiwe likiwa limekaa chini huvutika kwa uzito, na likishabanduka maji huingia chini yake na kusaidia kulinyanyua. Soma fundo wakati huohuo wa kubanduka. Wanaosoma uzi ulipolegea mara ya kwanza hupata kina kikubwa kuliko kilichopo, kwa sababu mkondo huupinda uzi. Pima mara tatu mahali pamoja. Simama ukingoni palipo imara na mtu wa pili karibu, wala usiingie majini palipo na mamba au kiboko.

Na wenzako

Shajara ni ya mtu mmoja, lakini haifai kukaa gizani. Kati ya 1839 na 1844 Margaret Fuller aliendesha mazungumzo ya wanawake huko Boston, ambamo kila mshiriki alitakiwa aseme anavyoelewa yeye, si alichosoma. Mwezi mara moja kaeni barazani watatu au wanne, kila mmoja na daftari lake. Kila mtu asome ukurasa mmoja, tena ule wenye mkwaju. Wengine waulize swali moja tu: ulijuaje? Wasipewe nafasi ya kusifu kabla ya kuuliza. Vikundi vinavyoanza kwa sifa huvunjika baada ya miezi miwili, maana hakuna aliyeondoka na kitu.

Yaliyompata Bronson Alcott yafaa yajulikane na kikundi chochote. Mwaka 1843 yeye na Charles Lane walianzisha shamba la Fruitlands karibu na kijiji cha Harvard, Massachusetts, wakiwa na mawazo mazito juu ya usafi wa maisha na kutomtumikisha mnyama. Walihamia Juni, wakati wa kupanda ulikuwa unapita. Kabla ya mwisho wa Januari 1844 palikuwa pamekwisha. Hawakukosa falsafa, walikosa kalenda.

Mkishapitisha mwaka, nunueni kaunta buku ya pili kabla ya ya kwanza kujaa. Hamisha kwenye ukurasa wake wa kwanza maswali yote ya baada ya mkwaju ambayo bado hayana jibu, kila moja na namba ya ukurasa wake wa zamani. Mti uliokufa au kukatwa usiufute kwenye jedwali. Chora mstari hadi tarehe hiyo na uongeze mwingine chini kwa namba mpya.

Kwa zoezi la kwanza, kabla hujanunua chochote, ngoja mvua yenye upepo ipite. Ingizo la mwisho la Thoreau, la tarehe 3 Novemba 1861, linahusu changarawe kando ya njia ya reli baada ya dhoruba: matone yalikuwa yamechimba vijifereji, na kwa kuvitazama aliweza kujua mvua ilitokea upande gani. Nenda penye mchanga au changarawe ambapo hapajapita mtu. Inama, tafuta vijiwe, angalia ni upande upi wa kila kijiwe umechimbwa na upi umeachwa na kijimkia cha mchanga. Andika upande huo, tarehe na saa, kisha ndipo umuulize mwenzako upepo ulitoka wapi.